Maziwa Yaliyogoma Kuganda

Stashahada yangu ya maabara imetundikwa sebuleni kwangu Kibaha, kwenye ukuta unaotazamana na kiti cha wageni. Mgeni asiyetaka kuiona itabidi afumbe macho, na akifumba nitamsomea. Sioni haya kulisema hilo. Wapo waliosomeshwa na baba zao, wapo waliosomeshwa na serikali. Mimi nilisomeshwa na masufuria ya Muscat. Niliyasugua kwa miaka katika jiko la familia kubwa inayopenda wali, nikarudi nchini na ada yangu mkononi, nikaingia chuoni nikiwa na umri wa kumzidi mwalimu wangu wa kemia, na nikatoka na karatasi yenye muhuri. Katika ukoo wetu wa Masaki, kule Kisarawe, wanaojua kulima muhogo, kubangua korosho na kuchoma mkaa hawahesabiki. Anayejua bakteria alivyojengwa ni mmoja.

Shangazi yangu, ambaye habari hii ni yake, ameniruhusu niiandike kwa sharti kwamba nisitaje jina la mtu yeyote. Nikamwambia sawa, lakini langu nitalitaja. Amelikataa na langu.

Kazi yangu ni katika maabara ya zahanati moja ya binafsi Kibaha. Napima damu, mkojo na choo. Watu wa nyumbani walipojua hivyo waliniita "daktari wa choo kubwa", na sijawahi kuwasahihisha kwa sababu neno la kwanza ni daktari. Siku za mapumziko narudi Masaki, na huko ndiko nilikoanzisha kikundi cha akina mama cha mtindi. Wazo lilikuwa langu, mbegu ya kwanza nilikwenda kuichukua mwenyewe kwa mama mmoja wa Gwata anayefuga, na mwenye duka wa Kwa Mathias, Kibaha, anayeupokea mtindi wetu ni mimi niliyembembeleza. Kwetu si nchi ya ng'ombe. Wenye ng'ombe ni wachache na wanajulikana, na kila ng'ombe akiugua kijiji kizima kinapata habari. Lakini maziwa machache ya kila nyumba yakikusanywa katika sufuria moja yanakuwa mengi.

Siku ya kwanza niliwapa darasa, barazani kwa mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu walio shamba la pili. Nilianza na ukweli wenyewe.

"Ndani ya mtindi kuna viumbe hai," nikasema.

Mama mmoja akaweka kikombe chini.

"Wadudu?" mwenyekiti akauliza.

"Si wadudu. Bakteria."

"Wanatembea?"

"Wapo bakteria wenye mikia ya kuogelea. Hawa wa mtindi hawana. Wao wanakaa tu palepale wanakula."

"Aa, kama wanaume wa hapa," mtu akasema nyuma, na darasa langu likavunjika kwa kicheko kabla halijaanza.

Nilisubiri wanyamaze. Mwalimu mzuri anajua kusubiri, na mimi ni mwalimu mzuri. Nikawaeleza kwamba mwili wa mtu umejengwa kwa seli, na seli ya mtu ni kama nyumba ya mjini, yenye vyumba. Kuna chumba cha peke yake kinachoitwa kiini, kina mlango, na ndani yake zinahifadhiwa amri zote za mwili, zile tunazoita vinasaba. Bakteria hana mambo hayo. Bakteria ni nyumba ya chumba kimoja. Nje ana ukuta mgumu. Nyuma ya ukuta kuna utando mwembamba ambao kazi yake ni kuchagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani ni ute tu, na humo kila kitu kimewekwa pamoja: vinasaba vimejikunja katikati kama kamba bila chumba wala pazia, na vile vidude vidogo vya kutengenezea protini, yaani ribosomu, vimetapakaa kila upande. Kitanda, jiko, kuku na baiskeli, vyote humohumo. Mimi nilizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Ndiyo maana chuoni somo hilo lilinichukua asubuhi moja, wakati wenzangu waliokulia kwenye nyumba za vyumba vinne walirudia mtihani.

"Na wanakula nini humo?" mwenyekiti akauliza.

Hapo nilifurahi, kwa sababu mume wa mwenyekiti ni mchoma mkaa, na marehemu baba yangu alikuwa mchoma mkaa, na hakuna mfano bora wa jambo hili kuliko tanuri. Nikamwambia: maziwa yana sukari yake, na sukari hiyo ni vipande viwili vilivyoungana. Bakteria anaivuta ndani, anaikata vipande hivyo viwili, kisha anaendelea kuivunja hatua kwa hatua. Kila hatua ina kimeng'enya chake, fundi wa kazi moja, anayejua kukata pale tu na si pengine. Katika hatua fulani nishati kidogo inapatikana, bakteria anaikamata na kuishi nayo.

"Sasa niambie," nikasema, "kuni ukiziwasha mahali penye upepo kinabaki nini?"

"Majivu."

"Na ukizifunika kwa udongo, hewa isiingie?"

"Mkaa."

"Na mkaa una moto ndani yake au hauna?"

"Unao. Ndiyo maana tunauza."

"Basi. Sisi tukivunja sukari kwa hewa tunayovuta tunaichoma mpaka majivu. Bakteria wa mtindi hatumii hewa. Yeye anaivunja nusu njia, anachukua nishati kidogo inayomtosha, halafu anatupa nje kitu ambacho bado kina nguvu ndani yake. Kitu hicho ni asidi. Asidi ndiyo uchachu unaousikia mdomoni, na ndiyo inayofanya protini ya maziwa ishikane na kuganda."

Mwenyekiti alifikiri. Kisha akasema, "Kwa hiyo tunakunywa choo chao."

Nikakubali kwamba kisayansi hakuwa mbali.

"Ndiyo maana tumeletewa wewe," akasema, na sikufanikiwa tena kuwatuliza siku hiyo.

Walikubali yote niliyowafundisha, na juu yake wakaongeza la kwao. Kwetu mbegu ya kwanza shambani haitiwi na yeyote tu, wala hamira ya vitumbua vya shughuli. Anatafutwa mtu mwenye mkono, yaani mtu ambaye akigusa kitu kinakubali. Mwenye mkono kikundini alichaguliwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Ni mjane, hana ng'ombe wala mbuzi, na watoto wake wako mbali. Kazi yake ikawa moja. Maziwa yakishachemshwa na kupoa kiasi cha kidole kuvumilia, yeye anatia upawa wa mtindi wa jana, anakoroga, anafunika. Kwa kazi hiyo alipata fungu lake sawa na wenye ng'ombe. Mimi sikupinga. Bakteria haulizi mkono ni wa nani, mradi umeoshwa kwa sabuni.

Tukaenda vizuri. Ndoo za mtindi zilifika Kwa Mathias kwa bodaboda zikiwa zimeganda sawasawa, na mwenye duka aliniita mama wa viwanda, jina ambalo sikumzuia kulitumia mbele za watu.

Kisha asubuhi moja shangazi akaja kikundini na kidumu cha maziwa.

Nilisimuliwa baadaye alivyokuja: kanga mpya, kidumu mkononi, akapita katikati ya wenzake bila haraka, akayamimina maziwa kwenye sufuria kama mwenye ng'ombe yeyote. Wakamuuliza kayatoa wapi. Akajibu, "Maziwa ni maziwa." Akasubiri yachemke na kupoa, akatia mbegu kama kawaida, akafunika.

Kesho yake walipofunua, maziwa yalikuwa kama yalivyomiminwa. Mepesi, meupe, hayana harufu ya kitu. Mwenye duka alinipigia simu kazini: "Dada, leo umeniletea mtindi au maziwa ya chai?" Nikamwambia mitambo ina hitilafu, ingawa mitambo yetu ni sufuria na mfuniko.

Wakachukua mbegu mpya Gwata, mambo yakarudi kuwa sawa. Baada ya muda shangazi akaja tena na kidumu, na sufuria ikagoma tena. Akaja mara nyingine, ikagoma. Siku asizoleta kidumu mtindi uliganda. Akina mama hawakusoma maabara, lakini kuoanisha jambo na jambo wanajua. Wakasema mkono umeharibika. Ingeishia hapo isingekuwa mbaya sana, mkono unaweza kuchoka kama goti. Lakini likaja swali la pili: mtu asiye na ng'ombe anakamua nini? Kuna masimulizi ya watu wanaofunga kamba kwenye nguzo ya nyumba zao, wakaikamua kamba ile, na ng'ombe wa jirani akakauka. Na ng'ombe wa mwenyekiti, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimekausha majani, alikuwa kweli anatoa maziwa kidogo.

Niliporudi siku ya mapumziko nilikuta kikao.

"Hatumsemi mtu vibaya," mwenyekiti alianza, na hapo nikajua atasemwa mtu vibaya. "Tunauliza tu. Shangazi, maziwa unatoa wapi?"

"Napewa."

"Na nani?"

"Na Mwenyezi Mungu."

"Sote tunapewa na Mwenyezi Mungu. Sisi anatupitishia kwa ng'ombe."

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha siku ile ya darasa. Nikasimama nikasema hili ni jambo la kisayansi, linahitaji uchunguzi.

"Nyamazeni, daktari wa choo kubwa anataka kusema," mmoja akasema.

"Aseme nini? Huyu ni damu yake," mwingine akajibu.

Shangazi akainuka. Akauweka upawa juu ya mfuniko wa sufuria, taratibu, usitoe mlio. "Nimewasikia," akasema, na akaondoka.

Wasomaji wa mjini wanaweza kudhani hili ni jambo la kuchekesha. Mimi mwenyewe huchekea mengi ya kwetu, nikiwa Kibaha. Lakini mjane anayeishi peke yake akishaitwa jina lile la mchawi, hakuna atakayemtuma mtoto kuomba moto kwake. Akiugua, watu watapita mbali. Akifa, watamzika haraka na kuvunja nyumba. Fungu la mtindi ndilo lilikuwa jambo dogo kabisa katika aliyokuwa anapoteza.

Nilimfuata nyumbani kwake nikamuuliza yale maziwa ni ya nani. Akaniambia ninywe chai. Nikauliza tena, akaniambia chai inapoa. Kwa hiyo nilifanya alichoshindwa kunizuia: nilichukua maziwa yaliyobaki kwenye kidumu, nikachukua na kiasi cha yale yaliyogoma sufuriani, nikarudi nayo Kibaha.

Sasa naomba nisifiwe kidogo, kwa sababu kazi hii niliifanya vizuri na hakuna aliyeiona. Jikoni kwangu nilichemsha maziwa ninayoyajua, nikayagawa katika vikombe, nikavitia vyote mbegu ileile. Kikombe kimoja nilikiacha hivyo. Kingine nilikiongezea maziwa kidogo ya kidumu cha shangazi. Cha tatu nilikiongezea maziwa ya kidumu niliyoyachemsha peke yake mpaka yakatokota. Cha kwanza kiliganda kama kilivyotakiwa. Viwili vile vilibaki maji. Kisha, baada ya saa za kazi, nikapaka matone kwenye vioo, nikayatia rangi, nikaangalia kwa hadubini. Mtindi mzuri ulinionyesha niliyoyatarajia: shanga za zambarau zilizopangana mistari, na vijiti vya zambarau kati yake. Kwenye maziwa yaliyogoma bakteria walikuwa wachache, na wale wachache walikuwa wamevimba na kupoteza umbo, wengine wamepasuka wamebaki vipande.

Kitu kinachopasua bakteria, na kinachochemshwa kikabaki na nguvu yake, si mdudu mwingine wala si jicho la mtu. Ni dawa. Na dawa ikiwa kwenye maziwa imepitia kwa ng'ombe, na ng'ombe wa maziwa aghalabu hutiwa dawa kwa ugonjwa wa kiwele.

Nilirudi Masaki nikamkuta shangazi anamenya muhogo. Sikuketi.

"Shangazi, ng'ombe aliyetoa maziwa yale anatibiwa kiwele."

Kisu kikasimama. "Nani kakwambia?"

"Maziwa yenyewe."

Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mwalimu wala mwajiri, na nakiri ilinipendeza. Kisha akainamia muhogo wake.

"Alinipa kwa siri," akasema. "Akasema hii ni baina yangu, yeye na Mungu. Mtu akikupa hivyo, unakwenda kumtangaza?"

"Lakini wewe wanakuita mchawi."

"Mchawi anaogopwa. Mtu wa kulishwa anahurumiwa. Mimi nimewahi kuhurumiwa, mwaka ule mume wangu alipokufa. Sitaki tena."

"Kwa hiyo utakaa hivi?"

"Nitakaa hivi. Na wewe ukimtaja kikundini, usinikanyagie mlango."

Niliahidi. Lakini kama nilivyosema, ng'ombe wanaougua Masaki wanajulikana kama wagonjwa wa familia, na aliyekuwa ameitiwa bwana mifugo kwa ajili ya kiwele alikuwa wa mzee mmoja tu, mtu wa swala tano, anayeheshimika mpaka na watu wasiompenda. Nilikwenda kwake. Kumwambia mtu jina lake mwenyewe si kumtaja; hilo nililipima njia nzima, na nikaliona limesimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watu wa Kibaha hamjambo?"

Tukaulizana hali mpaka zikaisha. Nikamuuliza kuhusu ng'ombe. Akaniambia alikuwa na uvimbe kwenye chuchu, ukapona moja ukahamia nyingine, na kila mara bwana mifugo humtia dawa humohumo kwenye chuchu.

"Na maziwa yake alikwambia ufanye nini?"

"Alinikataza kuyauza siku za dawa." Mzee akakaa vizuri. "Niulize, niliuza?"

"Hukuuza, mzee."

"Hata kijiko. Kumwaga neema ya Mungu chini nilishindwa. Nikasema yasiyouzwa yatolewe. Nikatafuta mtu anayestahili, asiyeomba, nikampa." Akaona amesema zaidi ya alivyokusudia.

Hapo ndipo nilipoelewa, na kama si adabu ningecheka. Watu wengine wote wa mkoa huu wakiambiwa wasiuze maziwa ya dawa wangeyauza kwa siri. Mtu mmoja aliyetii neno kwa neno ndiye aliyeharibu sufuria. Sadaka yake ilikuja siku za dawa peke yake, na siku za dawa peke yake ndizo ambazo shangazi aliingia kikundini na kidumu.

Nilimweleza, na naamini nilieleza vizuri kuliko siku ya darasa. Nikamwambia bakteria ana ukuta, na ukuta ule unafanya kazi kubwa, kwa sababu ndani yake kuna msukumo, maji yanataka kuingia wakati wote. Anapokua lazima ukuta uongezwe. Ni kama nyumba ya miti: unaongeza nguzo, unapitisha fito, unafunga kamba kila zinapokutana. Dawa ile haibomoi nyumba iliyosimama. Inawashika mikono wafungaji wa kamba. Fito zinapitishwa, hazifungwi, nyumba inaendelea kutanuka, mwisho ukuta unaachia na kila kilichomo kinamwagika. Seli za ng'ombe na za mtu hazina ukuta wa namna ile, ndiyo maana dawa inamponya ng'ombe bila kumuua. Bakteria wa kiwele wanakufa. Na bakteria wa mtindi wakikutana nayo sufuriani wanakufa vilevile. Wakifa hakuna wa kuivunja sukari, hakuna asidi, maziwa hayagandi.

"Hao wa mtindi si wazuri?" mzee akauliza.

"Ni wazuri."

"Na dawa haijui hilo?"

"Haijui. Inaona ukuta tu."

Akatikisa kichwa, akaona dawa ile haina busara. "Na mtu akiyanywa?"

"Si vizuri kwake pia. Bwana mifugo alitaka yasinywewe. Alisema nusu."

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na yule mama, wanasemaje juu yake?"

Nikamwambia wanasemaje.

Mzee alivua kofia yake, akaiweka kwenye goti, na kwa muda hakuwa mzee anayeheshimika, alikuwa mtu aliyechoka tu. "Nimempa mtu maziwa," akasema, "nikamvunjia jina." Aliita ndani waniletee maji ya kunywa, nikanywa, nikaaga. Jioni hiyo, nilivyosikia, aliyamwaga maziwa ya ng'ombe yule kwenye shina la mgomba, huku akisema bismillahi, na mke wake akashika kiuno akamwangalia kama mtu aliyerukwa na akili.

Kikao kilichofuata alikuja mwenyewe. Kanzu, kofia, bakora. Akina mama wakajifunga kanga vizuri wakampa kiti. Shangazi alikuwa ameitwa pia, amekaa pembeni karibu na mlango, mahali pa mtu anayejiandaa kuondoka. Mimi nilikuwa na mchoro wangu mkubwa wa bakteria niliouchora kwa kalamu za rangi, ukuta kwa zambarau, umekunjwa tayari mkononi.

"Maziwa aliyokuwa akileta huyu mama ni ya kwangu," mzee alisema. "Yalipitia kwake. Ng'ombe wangu alikuwa mgonjwa, anatibiwa, na maziwa ya mgonjwa hayakufaa kuchanganywa na ya wazima. Kosa ni langu. Ng'ombe wangu wa pili ni mzima, na mke wangu anaomba kuingia kikundini na maziwa ya huyo."

Basi. Hakusema sadaka. Hakusema uongo pia, nilimsikiliza kwa makini nikitafuta, sikuupata. "Yalipitia kwake." Katika maneno hayo shangazi alikuwa mjumbe, na mjumbe hahurumiwi na mtu.

Mwenyekiti akamgeukia. "Shangazi jamani, mbona hukusema?"

"Mliniuliza habari ya maziwa," shangazi akajibu, "au mliniuliza habari ya kamba na nguzo?"

Mwenyekiti akatafuta pa kupeleka macho, akanipata mimi. "Na wewe daktari, ulijuaje?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo tangu siku niliyopokea stashahada. Nilikuwa na vikombe vitatu vya kueleza, vioo vya hadubini, shanga za zambarau, na mchoro. Nikaanza kuukunjua. Kisha nikamwona shangazi. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa, alinitazama tu. Nikaona maelezo yangu yanakokwenda: nikieleza dawa nitaulizwa bwana mifugo alisema nini, nikieleza alichosema nitaulizwa kwa nini basi maziwa yalitolewa, na mwisho wa ngazi hiyo amekaa mjane na kidumu cha sadaka. Nikaukunja mchoro.

"Nilipima," nikasema.

"Ulipima tu?"

"Nilipima."

Mtu wa maneno machache huaminiwa kupita kiasi, jambo ambalo sikuwahi kupata nafasi ya kulijua. Jua halijazama ilishasemwa kwamba nimemsafisha shangazi mkono kwa kitu nilichotoka nacho Uarabuni, na kwamba karatasi niliyokuwa naikunjakunja ilikuwa ndiyo yenyewe. Nilisoma kwa jasho langu, hapahapa Tanzania, nikapewa muhuri, na Masaki sasa wanaamini nina hirizi ya Muscat. Kuna mwanamume amenifuata mpaka Kibaha kutaka nimpimie mikorosho yake inayopukutisha maua. Nimemwambia akamwone bwana shamba. Ameondoka akiamini kwamba ninajivuta ili nibembelezwe.

Shangazi hakurudi kwenye sufuria mara moja. Alisema ameachia upawa hadharani, na hadharani atauchukua. Ikabidi mwenyekiti aende kumwangukia, na jozi ya kanga mkononi, akisindikizwa na wale wawili waliocheka sana siku ya kikao. Nilikuwepo. Shangazi aliwakaribisha vizuri mno. Akawapikia bada, ugali wa muhogo, na mchicha wa nazi, akawaacha wale mpaka wamalize, akapokea kanga, akasoma maandishi yake kwa sauti, akaikunja, akasema ameshasahau. Alivyosema hivyo, sote tulijua anakumbuka kila neno na aliyelisema.

Asubuhi yake alitia mbegu. Maziwa ya mke wa mzee yalikuwemo. Alikoroga, akafunika, akawafukuza watu wote jikoni, na mimi nikiwemo, mwenye stashahada.

Kesho yake walikuja wote kufunua, hata ambao haikuwa zamu yao. Mtindi ulikuwa umeganda mzito, upawa ukasimama. Shangazi akachota kikombe cha kwanza akampa mwenyekiti, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa. Mwenyekiti alikitazama kidogo. Kila mtu alimwona akikitazama. Kisha akanywa, akanywa tena, mpaka mdomo wa juu ukawa mweupe.

"Kunywa taratibu, mwenyekiti," shangazi akasema. "Huo ni mkono wa mchawi."

Halafu mke wa mzee akaanza kucheka, wakafuata wengine, na mwenyekiti mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Shangazi nawe!" akasema, na akanyoosha kikombe. "Haya, niongezee basi."